Karatasi za Kabedi

Watu wa Musonoi wananijua kwa mdomo. Nikiwa sokoni na samaki wangu, mteja akimbonyeza samaki mara mbili namwambia akambonyeze mumewe. Ndiyo maana sijisamehe. Siku niliyotakiwa kusema jambo moja la kweli, mdomo huo huo ulinisaliti.

Nilikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Kabedi, alikufa kwa malaria akiwa na miaka kumi na mitano. Tulimzika, tukalia, tukarudi nyumbani, na hakuna aliyekwenda ofisi ya komini kuandikisha kifo. Nani hapa kwetu anapanga foleni ili kuiambia serikali kwamba mtoto wake amekufa? Basi katika vitabu vyao Kabedi aliendelea kukua. Alipotimiza ishirini huko ofisini, mdogo wake Shekina alikuwa na kumi na sita hapa nyumbani.

Mwaka huo kilifunguliwa kiwanda cha kufulia nguo kwenye njia ya Mashamba, cha kufua maovaroli ya watu wa mgodi. Kazi ilikuwa saa kumi na mbili kwa siku. Mume wangu alikuwa ameshalazwa kitandani na kifua chake. Nilifungua sanduku, nikatoa cheti cha kuzaliwa cha Kabedi, nikampa Shekina aende nacho. Nilimwambia ni miezi mitatu tu.

Ukapita mwaka. Alikuwa akirudi na vidole vimechubuka kwa sabuni, anasinzia na tonge la bukari mkononi. Daftari lake la shule nilikuwa nikifungia wateja samaki.

Kisha akaja mkaguzi wa kazi, Mama Muamba, akabandika tangazo kiwandani: aliye chini ya miaka kumi na minane asifanye kazi zaidi ya saa nne kwa siku, wala asibebe mizigo mizito. Wasichana wanne, Shekina akiwamo, hakuziamini nyuso zao, akasema atapita kwa wazazi wao mmoja mmoja. Jirani yangu Mujinga alisema kweli juu ya binti yake Abigaëlle, aliyeajiriwa bila karatasi yoyote. Hawakumfukuza. Akawa anatoka kazini saa nne asubuhi, anaoga, anavaa shati jeupe na kwenda shule ya mchana. Shekina alinisimulia hayo kama mtu anayesimulia harusi.

Zamu yetu ilipofika, aliniomba kwa sauti ndogo. "Mama, leo useme kweli. Mi nilichoka."

Nilimwambia nitasema, na haki ya Mungu nilikusudia.

Mama Muamba alikaa kwenye kiti chetu pekee kilicho kizima, akaanza kwa kueleza kwamba mtoto hana kosa, lakini mzazi aliyetoa karatasi ya mtu mwingine atafikishwa mahakamani. Nyuma ya pazia mume wangu alikuwa akikohoa. Niliwaza gereza, nikawaza nani atampa maji. Mkaguzi akatazama ukutani, kwenye kadi mbili za ubatizo, akazisoma zote mbili. Shekina alikuwa amesimama mlangoni.

"Na huyu Shekina, iko wapi?" aliniuliza.

"Alikufaka, madame," nilisema. "Malaria."

Akanipa pole. Akaandika, nikatia sahihi. Sikuthubutu kumtazama mtoto wangu.

Saa walizopunguziwa wale wasichana wengine watatu zilihitaji mtu wa kuzifanya. Msimamizi, Sadrack, aliwagawia watu wazima, na Shekina sasa alikuwa mtu mzima kwa sahihi ya mama yake. Kumi na mbili zikawa kumi na tano. Nyumbani alinisalimia kwa heshima zote, ila hakuniomba tena kitu chochote, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mwezi wa pili wa saa hizo alilala akiwa amesimama, maji ya moto yakamuunguza mguu wa kushoto tangu goti hadi chini. Walimfunga kitambaa, wakampa siku mbili za kupumzika.

Hapo nilishindwa. Nilimwachia Mujinga mgonjwa wangu, nikamchukua Shekina hadi ofisi ya Mama Muamba, nikasema yote: sanduku, cheti, kaburi. Nilimwambia anifunge. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema kwamba ameshaambiwa mambo mawili na mama mmoja, kwa hiyo anataka kusikia kwa mtoto mwenyewe. Alimgeukia kwa upole. Alimwambia ataje jina lake na umri wake, na kuanzia kesho ni saa nne tu; habari ya karatasi nitajibu mimi mama yake mbele ya sheria.

Shekina alinitazama, kisha akamgeukia mkaguzi.

"Mi njo Kabedi," alisema. "Niko na miaka makumi mbili na moja. Shekina alikufaka. Mama alishakuambia."

Nilimvuta mkono, nikamsihi, nikalia pale pale mbele ya makarani. Hakubadilisha neno. Mama Muamba alifunga faili na kusema kwamba hawezi kumlinda mtu anayesema si yeye.

Tulipofika barabarani nilimuuliza kwa nini ananiadhibu hivi. Alishangaa kweli.

"Bakikufunga, nani atamugeuza papa mu kitanda?"

Halafu akauliza saa, akasema amechelewa, akashika njia ya Mashamba akichechemea.