Mkwe na Sare ya Sifuri

Habari kwamba mkwe anataka kuondoka Jumamosi ilimkuta Mama Adolphine jikoni, mwiko mkononi, bukari, ule ugali wetu, haijaiva. Kwa bahati nzuri ya kila mtu mwiko ule ulibaki ndani ya sufuria.

"Jumamosi gani?" aliuliza.

"Jumamosi hii, mama," Falone alijibu, macho chini, kama zamani alipokuwa akipoteza kalamu za shule.

Jumamosi hii! Miaka kumi na mmoja binti yuko Ohayo kwa Wamarekani. Amesomea unesi huko, amepata kazi huko, ameolewa huko, na mama yake yote hayo ameyaonea kwenye simu iliyopasuka kioo. Hatimaye amekuja Kalemie na mume wake kwa wiki tatu, na mama amezihesabu siku moja moja. Sasa wanataka kumkata siku nane. Kuna msiba? Kuna mgonjwa? Hakuna. Ni mpira! Na afadhali ungekuwa mpira kweli. Ni ule mchezo wao wa kuvaa kofia ngumu na kukimbia na kitu chenye umbo la papai kwapani, halafu wanauita mpira wa miguu, miguu yenyewe sijui inafanya kazi gani. Jumapili ni fainali yake, na Darnell, yule mkwe, hajawahi kuikosa tangu utoto.

"Timu yake inacheza hiyo fainali?"

Falone akakohoa kidogo. "Hapana, mama. Timu yake haijafika hata siku moja."

"Hata siku moja! Sasa anaenda kuangalia nini?"

"Anaangalia na barafiki yake. Banakutana, banakula mabawa ya kuku."

"Mabawa ya kuku," Mama Adolphine alisema, akaigeuza ile bukari kwa nguvu mpaka sufuria ikahama jikoni.

Msinielewe vibaya, Darnell hakuwa mtu mbaya. Kule kwao alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kazi, hanywi kupita kiasi, na Falone alikuwa amenenepa vizuri mikononi mwake. Alikuwa mweusi kama sisi, basi wauza samaki pale sokoni walimmwagia Kiswahili chote walichonacho, naye akawajibu "aksanti" kwa kila kitu, hata walipomuuliza kama anataka kudanganywa bei. Shida ilikuwa bukwe, ile desturi ya ukwe. Katika ukoo wa Mama Adolphine, mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani machoni. Kugusana ndiyo kabisa, Mungu apishe mbali. Falone alimfundisha mumewe mambo haya ndani ya ndege, na Mmarekani wa watu akayashika kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Mama Adolphine akiingia sebuleni, yeye anatokea mlango wa pili. Siku moja mlango wa pili ulikuwa umefungwa, akajifungia chooni nusu saa nzima.

Sasa mtu wa namna hiyo utamwombaje abaki? Huwezi kumshika mkono ukamwambia, mwanangu, nionee huruma, huyu ndiye binti niliye naye. Mama Adolphine alilala na jambo hilo, akaamka nalo. Alijua pia, kwa uchungu, kwamba kijana alikuwa amechoshwa. Karibu wiki mbili ndani ya nyumba ambayo mwenyeji wake anamkimbia, nani asingekumbuka mabawa ya kuku?

Lakini Mama Adolphine alikuwa pia prezidenti wa mashabiki wa timu ya soka ya Kiboko ya Lukuga, na prezidenti hakosi akili.

"Mwambie mume wako," alimwambia Falone asubuhi, "asibadilishe tikiti kwanza. Alhamisi aje uwanjani. Matchi moja tu. Akitoka pale na bado anataka fainali yake, mimi mwenyewe nitamufungia mikebuka mikavu, samaki wa kula njiani, na sitasema neno."

Falone alienda, akarudi na jibu. Darnell amekubali, kwa heshima. Ila alisema wazi kwamba soka alishajaribu kuiangalia. Dakika tisini watu wanakimbia huku na huku, mwishoni sifuri kwa sifuri, wanaenda nyumbani. Kwake ni sawa na kungoja lifti iliyoharibika.

"Aka!" alisema Mama Adolphine. "Aje tu."

Alhamisi saa tisa na nusu walikuwa kwenye tribine, jukwaa la mashabiki, wamepangwa kwa adabu: Mama Adolphine mwishoni, halafu kaka yake mkubwa, Papa Ruffin, halafu Falone, halafu Darnell kule upande wa pili. Papa Ruffin ndiye mshika desturi wa ukoo, mzee mwenye koti la suti hata kwenye joto, na kosa la mtu halimpiti. Hao wawili walimtosha Mama Adolphine kumkinga na mkwe. Wageni siku hiyo walikuwa Marungu Sport, wameshuka kwenye boti kutoka Moba tangu jana, na mashabiki wao walikuwa na ngoma kubwa kuliko zetu, jambo lililomuudhi sana prezidenti.

Robo saa ya kwanza Darnell alipiga miayo mara nne. Mama Adolphine alizihesabu, maana jicho moja lilikuwa kwenye mpira na la pili kwenye uso wa mkwe, kwa pembeni, kama desturi inavyoruhusu.

"Anauliza watasimama saa ngapi," Falone alisema.

"Wasimame kwa nini?"

"Kwa matangazo. Kwao mchezo unasimama kila mara. Unakaa saa tatu na zaidi, lakini mpira wenyewe unatembea dakika kumi na kitu tu. Mengine ni matangazo ya magari na pombe."

"Na batu banalipa kuingia?"

"Sana."

Mama Adolphine alimwonea huruma mkwe wake kwa mara ya kwanza. "Mwambie hapa wanasimama mara moja tu, nusu ya mchezo. Kabla ya hapo, akitaka kukojoa, atakosa kitu."

Darnell alicheka, akakaa vizuri kidogo. Baadaye akauliza mbona watu wana hofu hivi na hakuna aliyefunga. Papa Ruffin ndiye aliyejibu, maana mkwe kwa mjomba wa mkewe ana ruhusa. Kiboko ni ya pili kutoka chini kwenye ligi. Marungu ni ya mwisho kabisa, nyuma kwa pointi mbili, na hii ndiyo siku ya mwisho. Sare inatutosha. Tukifungwa, wao wanatupita, sisi tunashuka divizio. Na hawa si watoto wanaocheza mitaani, hii ndiyo kazi yao. Kipa wetu, Michée, analisha nyumba kwa mikono ile. Klabu ikishuka, hakuna wa kumlipa, ataenda kutafuta mji mwingine.

Darnell akamsikiliza Falone akitafsiri, kisha akauliza, "Wanashuka? Klabu nzima?"

"Klabu nzima. Kwenu anayekuwa wa mwisho mnamfanyaje?"

Darnell alieleza, na Falone alisita kabla ya kutafsiri. "Anasema... kwao timu ya mwisho ndiyo inaruhusiwa kuchagua kwanza mchezaji mpya mzuri kuliko wote."

Mama Adolphine alisahau mpira. "Wa mwisho anapewa zawadi?"

"Njo vile, mama."

"Mungu wangu! Wewe Falone ulipokuwa wa mwisho kwenye hesabu, nilikununulia baiskeli?"

Mashabiki wa safu ya nyuma waliangua kicheko, habari ikapita tribine nzima kwamba Amerika wa mwisho anapewa zawadi, na mtu mmoja akapiga kelele kwamba basi Kiboko ihamie huko kesho. Darnell naye alicheka mpaka akajifuta macho. Alisema, kupitia kwa mkewe, kwamba ndiyo sababu timu yake imekuwa mbovu miaka kumi na sita na hakuna anayekosa usingizi. Kisha akaanza kumwangalia Michée.

Kipindi cha pili kilikuwa cha mateso. Marungu walikuja wote, hata mabeki. Dakika ya sabini mpira uligonga mwamba wa goli, ukatoa mlio uliosikika tribine nzima. Alipogeuka kumtazama mkwe, hakumwona kwenye kiti. Alikuwa amesimama, mikono kichwani, mdomo wazi.

"Zimebaki dakika ngapi?" aliuliza, na safari hii hakumsubiri Falone, alimuuliza Papa Ruffin moja kwa moja kwa Kiingereza na vidole.

"Abitri njo anajua," alisema Papa Ruffin, akamwonyesha mwamuzi kwa kidole.

"Saa iko wapi?"

"Mkononi mwake."

Darnell hakuamini. Kwao saa ni kubwa kama nyumba, inahesabu sekunde mbele ya watu wote, mtu anajua lini amekufa. Hapa jambo zito hivi limefungwa kwenye mkono wa mtu mmoja mwenye suruali fupi! Alikaa, akasimama, akakaa tena. Alimuuliza Falone kama ni halali kuomba Mungu asaidie sifuri. Falone akamwambia ni halali kabisa, mama yake alishaanza tangu asubuhi.

Papa Ruffin hakuvumilia tena, akateremka mpaka kwenye vyuma vya chini kumtukana abitri kwa adabu. Mama Adolphine alibaki na kiti kitupu ubavuni pake. Tukifungwa, aliwaza, mkwe ataondoka na huzuni ya watu wengine, na nani anarudi mahali alipohuzunishwa? Mikebuka mikavu ilikuwa tayari nyumbani, imefungwa kwenye gazeti, na alitamani asiione tena.

Dakika tano za nyongeza. Katika ya tano Marungu walipata kona. Ngoma yao kubwa ilinyamaza. Mpira ukaja juu, Michée akaruka katikati ya vichwa akaupiga ngumi, ukamwangukia mtu wa Marungu pale pale, mbele ya goli, peke yake, akapiga kwa nguvu zake zote. Michée alikuwa bado chini. Beki wetu mmoja alikuwa amegeuka akijificha, na mpira ukamgonga matakoni, paa! ukatoka nje.

Abitri akatazama saa yake. Filimbi ikalia.

Sifuri kwa sifuri, na Kalemie ililipuka. Watu walikumbatia watu wasiowajua, mama mmoja alivua kitambaa cha kichwa akakirusha uwanjani, yule beki akabebwa juu kwa upande ule ule uliotuokoa. Na Darnell, fundi wa lifti wa Ohayo, alipiga ukelele ambao hakufundishwa na mtu, akamruka mkewe, akaruka kiti kitupu, akamkumbatia mtu wa kwanza aliyemkuta na kumnyanyua miguu ikaning'inia.

Mtu huyo alikuwa Mama Adolphine.

Tribine ilinyamaza, safu baada ya safu. Darnell alisikia ule ukimya, akafungua macho, akaona ni nani aliyembeba. Akamweka chini polepole kama yai. Uso ulikuwa umemshuka. Alianza kuomba msamaha kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, "aksanti, aksanti," akikosea neno kwa hofu. Mama Adolphine alijifunika uso na kitenge, na walio karibu walidhani analia.

Papa Ruffin alipanda ngazi moja moja, koti lake limefungwa vifungo vyote.

"Falone," alisema, "mwambie mume wako amevunja bukwe mbele ya mji mzima. Kosa hili linaoshwa na mbuzi. Na mutu mwenye kosa hasafiri kabla ya kuoshwa."

"Jumamosi..." Falone alianza.

"Jumamosi gani? Mbuzi haliwi bila shangazi yako. Shangazi Elisabeth iko Moba, boti inafika Jumanne. Mbuzi ni Jumatano."

Chini ya kitenge Mama Adolphine alikuwa anahesabu. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Moyo ulimruka. Siku nne amezipata bila kuomba, na akaona haya, maana alimwona yule kijana amesimama pale kichwa chini, amenaswa na desturi za watu, na fainali yake imekwenda. Alitaka kumwambia kaka yake, mwachie, yaya, kaka yangu, hakukusudia. Mdomo tayari ulikuwa umefunguka.

Lakini Darnell ndiye aliyeuliza. Alimsikiliza Falone mpaka mwisho, akafikiri, akamnong'oneza jambo. Falone akamtazama mume wake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Anauliza," alisema, "mbuzi mmoja ni mpaka Jumatano. Makosa mawili je?"

Papa Ruffin alikunja uso. Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Makosa mawili hayaoshwi siku moja," alisema hatimaye. "Mbuzi wa pili angengoja Jumamosi ingine."

Jumamosi ingine, na tikiti ya zamani ilikuwa ya kesho yake, Jumapili, zile wiki tatu zikitimia.

Darnell akaitikia kwa kichwa. Akajifuta mikono kwenye suruali, akamgeukia mama mkwe wake, akaifungua mikono yote miwili na kuja taratibu, hatua kwa hatua, ili kila mtu aone kwamba safari hii si furaha ya mpira iliyomsukuma. Njia ilikuwa wazi kushoto na kulia. Mama Adolphine alikuwa na nafasi ya kukwepa mara tatu, na hakukwepa.