Mkate wa Milango

Mambo yaliharibika Jumanne, lori lilipomwaga milango.

Kabla ya hapo Mpishi, kama walivyomwita kiwandani, alikuwa akipika mti mweupe uliomenywa magome. Vipande viliingia kwenye tangi la chuma, vikafungiwa mvuke mpaka vikalainika, kisha valvu ikafunguliwa ghafla na mti ukapasuka wenyewe kama bisi. Ulioshwa, ukakaushwa, ukasagwa, ukawa unga mwepesi usio na ladha. Ndizo nyuzi lishe zinazotiwa kwenye mkate wa kulainisha tumbo. Watu walimtania kwamba wenzake hupikia kuni, yeye anazipika kuni zenyewe, naye alicheka nao. Binti yake, mjamzito aliyeteswa na choo kigumu, aliambiwa na nesi wa kliniki aule mkate huo, ukamfaa.

Lakini mti mweupe ulipanda bei, na wakubwa hawakutaka faida yao iguswe hata na nzi. Ikaja milango mikuukuu ya majengo yaliyobomolewa, rangi ya kijani imeigandia, mingine ikiwa na bawaba zake. Mpishi aliuliza kama dereva amepotea njia. Msimamizi akasema kazi ya mpishi ni kupika, si kuchagua mboga.

"Na hii rangi, bosi?"

"Mvuke unasafisha kila kitu, mzee. Kama hutaki, wanaotaka wamejaa getini."

Ni kweli walijaa. Wakubwa hupenda wajae. Ndiyo fimbo yao. Mpishi akafunga mfuniko, akafungulia mvuke.

Nyuzi zilitoka na madoa kama ukungu. Akaamriwa aongeze dawa ya kung'arisha, zikawa nyeupe pe. Mchana akaja mkaguzi wa serikali, akasimama kizingitini na leso puani, akataka kujua inanuka nini. Msimamizi akamwambia ni harufu ya afya, wakacheka pamoja. Kisha mkaguzi akamgeukia Mpishi, akamuuliza leo anapika mti gani.

Msimamizi alikuwa akimkodolea macho. Mpishi akatazama buti zake.

"Mti ni mti tu, mheshimiwa."

Mkaguzi akaenda ofisini kunywa chai. Mshahara wake hautoki kwa kuuliza mara mbili.

Ijumaa mkate wenye nyuzi hizo ulikuwa tayari madukani. Mpishi alirudi nyumbani akamkuta binti yake amekwisha kukata kipande, anakipeleka mdomoni. Akampokonya.

"Usile."

Binti akacheka, akamuuliza kama uchoyo umemwanzia uzeeni. Ndipo akamweleza, kwa sauti ya mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani: milango, rangi, ile dawa. Akasema hata la mkaguzi, kwamba aliulizwa na akaficha ukweli.

Binti aliweka kisu mezani. Mpishi alingoja atukanwe, angepata nafuu. Hakutukanwa. Binti alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, akiutazama ule mkate.

"Kliniki nimewaambia wajawazito wenzangu wote waule," akasema. "Nikajisifu kwamba anaupika baba yangu. Jumatatu tunakutana tena. Nikawaambie nini, baba?"