Mwanzi wa Kizuizini

Uligeuza uso. Usinibishie, mimi sisahau. Siku ile basi lilipopekuliwa kwenye kizuizi cha polisi, pale juu kwenye kona yenye shamba la miti ya mbao, mama mmoja mtu mzima aliambiwa na askari wa kiume afungue fundo la kitenge chake kiunoni mbele ya abiria wote. Wewe ulikuwa kiti cha dirishani. Ukaanza kuangalia miti. Miti ile ilikuwa na nini? Ni ile ile uliyoiona wakati wa kwenda.

Yule mama ni mama mkwe wangu. Mke wangu Melania alikuwa pembeni yake, na yeye ndiye aliyeniambia mlivyokaa kimya. Kwenye lile fundo hamkukutwa kitu cha kumfunga mtu. Kilichokutwa sikijui, na sitaki kukijua.

Tangu hapo mama akawa hakivuki kile kizuizi. Jicho lake la kulia limeingia mtoto wa jicho, la kushoto lilishakufa zamani. Hospitali ya mjini walimpangia upasuaji Jumanne. Akasema, "Heri niwe kipofu nyumbani kwangu kuliko kufunuliwa barabarani." Tulimbembeleza wiki nzima. Wapi!

Basi usiku wa kuamkia hiyo Jumanne nikalala na hasira zangu, soksi mguuni, nikaota.

Naendesha Korola yangu kwenye ukungu. Mama mkwe yupo kiti cha nyuma. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemeshani moja kwa moja, kwa hiyo kioo cha ndani nimekigeuza kinatazama paa. Siku zote Melania ndiye anayetupelekea maneno. Kwenye ndoto Melania hayupo, na kazi yake anaifanya Korola.

"Muulize mama kama baridi inampiga," nasema.

"Mama, mkweo anauliza habari za baridi," inasema Korola, kwa sauti yenye kikohozi cha asubuhi.

"Mwambie aangalie barabara."

"Anasema uangalie barabara."

"Nimesikia."

"Hukutakiwa kusikia," Korola inanikaripia.

Ukungu ukafunguka, kizuizi hiki hapa. Kimezibwa kwa mwanzi mrefu, ule wa kwetu unaogemwa pombe ya ulanzi. Mbele yake imesimama tochi. Sisemi askari mwenye tochi. Tochi yenyewe, urefu wa mtu, imevaa buti na kofia.

"Sheria mpya," ikasema. "Kitu chochote kilicho barabarani kisiwe na nafasi ya siri, ndani yake muwe na kitu au msiwe na kitu."

Ikamulika chini ya kiti changu. Kuna shimo pale, na kifuniko chake.

"Hili nini?"

"Nililikuta nilipolinunua gari. Hamna kitu."

Tochi ikatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hapo ndipo ulipoharibu, mzee. Shimo lenye kitu limeshajaa, haliwezi tena kuficha. Lililo tupu ndilo lenye nia mbaya."

"Hilo shimo ni langu," ikasema Korola. "Naweka mambo yangu."

"Mambo gani?"

"Yangu."

Tochi ikaandika hewani kwa mwanga wake, kisha ikageukia nyuma. "Na hilo fundo la kiunoni. Lifunguliwe."

"Mwambie afande kiuno changu hakipo barabarani," akasema mama.

"Kiuno kipo kitini, kiti kipo garini, gari lipo barabarani," ikajibu Tochi. "Utafungua, na mwenye gari atageuka atazame, awe shahidi."

Shingo yangu ikaanza kugeuka yenyewe, polepole, kama inazungushwa na fundi bomba. Nikakishika kichwa kwa mikono miwili. Korola ikashika usukani. Nikafumba macho, kope nazo zikawa zinasukumana kufunguka.

Mara tupo mahakamani, na hakuna aliyeshuka garini. Hakimu ni kioo cha mbele cha lori, amekaa juu ya meza, wipa inampangusa jasho. Ananguruma: "Mimi sina cha kuficha, na sijawahi kudhurika!" Ana ufa toka sikio hadi sikio, na wadudu waliokufa uso mzima.

Na wewe upo. Benchi zima la abiria mmeipa mahakama kisogo, mnaangalia miti. Miti imeletwa ndani kwa ajili yenu.

"Mama wee," naisikia sauti ya nyuma, ndogo, haisemi na mtu. "Tena mbele za watu." Nasikia vidole vyake vimeshafika kwenye fundo.

Hapo nikachafukwa. Kichwa nimekishika, macho nimeyafumba, nikapiga kelele: "Mheshimiwa! Sheria inasema kitu chochote?"

"Chochote."

"Kilicho barabarani?"

"Kilicho barabarani."

"Na huyo mwanzi aliyelala katikati ya barabara, ndani yake mna nini?"

Wipa ikasimama. Kisha mwanzi ukakohoa.

"Naomba radhi, mheshimiwa," ukasema. "Nina vyumba. Kila pingili na chumba chake, havina mlango wala dirisha. Mwenyewe sijawahi kuingia."

"Sheria ni sheria," akasema Kioo, na ufa wake ukaongezeka kidogo.

Tochi ikaletewa msumeno. Ikaanza kukata huku ikitoa machozi ya mwanga. Kila pingili ilipofunguka kikatoka kigiza kidogo, kikajipangusa, kikakimbilia majanini. Hakuna kingine. Kizuizi kikawa kinapungua, barabara inaonekana. Kikabaki kipande cha mwisho, kimeziba huku na huku.

"Hiki niachieni," ukasema mwanzi.

"Mna nini?"

"Changu."

Tochi ikainua msumeno. Korola ikauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya: "Afande, na betri zako zimekaa wapi?"

"Hizo ni za ndani."

"Huko ndani ndiko tunakokuzungumzia tangu asubuhi."

Tochi ikajishika kisogoni. Ilikuwa tochi ya sheria kweli, siwezi kuisingizia. Ikajifungua kifuniko, betri zikadondoka moja moja zikabingirika chini ya meza ya hakimu. "Samahanini kwa usumbufu," ikasema, ikazimika.

Likaja giza. Halikuwa giza la kutisha, lilikuwa kama la chini ya blanketi, la mtu peke yake na mambo yake. Nikamsikia mama mkwe anacheka, kicheko ambacho nyumbani hatujakisikia tangu lile basi.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "sasa aachie kichwa, asije akaking'oa bure."

Nikasikia anainama, anaokota kitu, anakifutika kiunoni. Shingo yangu ikalegea. Nikavuta pumzi mpaka kwenye soksi.

"Baba Tumaini! Mbona umejishika kichwa hivyo?" Ni Melania, ananitikisa. "Amka, mama ameshavaa."

"Anakwenda wapi?"

"Hospitali. Anasema leo atapita."

"Kimetokea nini?"

"Anasema amelala vizuri. Amka bwana, kabla hajabadili mawazo!"

Nikatoka mbio, nikakigeuza kioo cha ndani kitazame paa. Mama akaingia nyuma. Alipojivuta kitini, kitu kilichokuwa kiunoni mwake kikagonga mlango: ko! Mlio wa mwanzi mkavu ulioziba huku na huku.

"Mama, umebeba nini?" akauliza Melania.

"Changu."

Melania akanitazama. Nikawasha gari. Kioo sikukigusa.

Tumepita. Naandika haya nje ya wadi. Upasuaji umekwenda salama, jicho limefungwa bandeji, na namsikia anawatania manesi kwamba mkono wao mzito kama wa mpiga tofali.

Sasa wewe. Kuna kugeuza uso kwa heshima, na kuna kugeuza uso kwa woga, nawe unajua wako ulikuwa upi. Kizuizi kipo pale pale, na mabasi ya mchana yanakaribia kufika. Funga maandishi haya, panda la kwanza, ukae na hao akina mama. Mmoja akiambiwa afungue, simama useme kwa sauti ya kufika mpaka kwa dereva: "Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, tena faraghani!" Bado umekaa? Inuka!