Kumgeuza Ubavu

Mama mdogo alikuwa fundi cherehani, na baada ya chakula cha mchana alizoea kujinyoosha kidogo mkekani, kando ya mashine yake. Dada yake alikuwa amelazwa hospitalini kwa siku ya tatu kwa sababu ya pombe, na mama mdogo akamchukua binti wa dada huyo, wa miaka minane, akae naye. Mchana mmoja mama mdogo alishtuka usingizini. Mikono midogo ilikuwa inamsukuma begani.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nakugeuza ubavu. Mama akilala chali anapaliwa na matapishi."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Siku moja midomo yake ilibadilika rangi, nikajua mwenyewe."

Mama mdogo alikuwa akiishi mtaa wa pili tu kutoka kwao. Kila alipoambiwa mtoto hakwenda shule kwa sababu ya mafua, aliamini, au alijifanya kuamini.

Akamvuta, akamlaza kifuani. "Mimi sijanywa kitu, mama. Nimechoka tu. Haya, lala na wewe."

Mtoto alitulia, lakini hakufumba macho. Mama mdogo akamsikia akimhesabia pumzi, polepole, moja baada ya nyingine.