Ndama wa Mchinjaji

Alfajiri, kabla mke wake hajawasha jiko, ndama alimpiga mchinjaji teke la ubavu, akaamka. Alikuwa ndama mweusi mwenye mkato wa kisu shingoni usiotoa damu, na alisimama kati ya kitanda na kabati kama ilivyo kawaida yake. Mchinjaji alikaa akitazama ukuta mpaka teke la pili lilipomwangusha sakafuni.

"Baba watoto, umechelewa tena," mke wake alisema, akimpita ndama kuchukua shuka chafu. "Na leo ule. Jana sahani uliiangalia kama imekutukana."

Hakula. Tangu ndama aanze kuja, chakula hakikuwa na ladha, na redio ya mpira, ambayo zamani aligombania na wanawe, hakuigusa tena.

Machinjioni walimwita Wembe. Awali kazi ilikwenda kwa zamu: aliyekata makoromeo leo, kesho aliosha matumbo, keshokutwa alichuna ngozi. Msimamizi aliifuta zamu kwa sababu mkono wa Wembe ulikuwa mwepesi. Tangu hapo Wembe alikata tu, kutwa nzima, damu ikipanda kwenye buti, ng'ombe mmoja akikoroma bado huku mwingine akisukumwa ndani.

Siku hiyo ndama alimfuata kazini. Mchunaji, rafiki yake, alimkagua kwa jicho la kazi.

"Huyu tu ndiye anakunyima usingizi? Mlaze hapa tummalize, shemeji apumzike."

Wembe mwenyewe alikata, palepale penye mkato wa zamani. Wakamchuna, wakamtoa matumbo, wakampasua mbavu kwa shoka na kumtundika kwenye kulabu. Alfajiri iliyofuata ndama alikuwa tena kati ya kitanda na kabati, amekua kidogo, na teke lake lilivunja ubavu.

Ubavu ndio uliompeleka zahanati. Muuguzi alimfunga bendeji, kisha akampapasa ndama juu ya masikio.

"Pembe bado. Unalala?"

"Nalala, ila naamka mapema mno."

"Unacheka?"

Wembe alifikiri. "Nilikuwa nacheka."

"Umewahi kutaka kufa?"

"Hapana. Nimechoka tu."

"Hii ni sonona, bado changa. Msimchinje tena, kisu kinamkuza. Mtembeze kila jioni. Kula hata bila hamu, na ulale kwa saa zilezile. Mwambie mkeo jinsi ndama anavyokupiga, usijikaushe. Na utoke kwenye makoromeo. Ukiona pembe, au ukianza kutamani kufa, njoo siku hiyohiyo."

Wembe alimtembeza. Ndama alipiga mageti mateke, akabonda mapipa ya taka, akamvunja mbwa taya. Watu walipisha njia na kuendelea na mazungumzo yao. Usiku Wembe alimwonyesha mke wake michubuko, mmoja baada ya mwingine, naye akaikanda kwa maji ya moto. Baada ya wiki kadhaa Wembe alimaliza sahani. Jioni moja aligombania redio. Ndama alikuwa amepungua hadi kimo cha mbuzi, na mateke yake yaliacha alama tu.

Ndipo Wembe alipoingia ofisini kuomba zamu irudishwe, akieleza alichoambiwa na muuguzi.

"Kila mtu hapa ana ndama, Wembe," msimamizi alisema. "Wangu yuko chini ya meza."

Alikuwepo kweli, mwekundu, pembe zake ndefu kama kiganja. Alikuwa amemtoboa msimamizi goti, na damu ilitiririka taratibu kwenye kiatu.

"Bosi, huyo ana pembe. Nenda zahanati leo."

"Nikienda, nani atasimamia? Na nikikutoa wewe, nani atakata? Mwambie huyo muuguzi aje akate yeye."

Wiki hiyo msimamizi aliagiza mafundi wachomelee bomba refu kwenye ukuta wa nje, ndama wafungwe huko, kwa kuwa walikuwa wakiteleza kwenye damu na kuchelewesha kazi. Jumatatu asubuhi bomba lilikuwa karibu kujaa. Mchunaji alifunga wa kwake, wa kijivu, kando ya yule mweusi.

"Wako anapiga wapi?" Wembe aliuliza.

"Mgongoni."

"Mtembeze jioni. Tutakwenda pamoja."

"Haya, lakini wako asimfundishe wangu ushenzi."

Wakaingia. Ng'ombe wa kwanza alikuwa amekwisha kusukumwa ndani, na aliyekata alikuwa Wembe.