Vifuniko vya Meno Sufuriani

Sufuria ilikuwa inatokota, na ndani yake, vikipanda na kushuka kwenye mapovu, vilikuwamo vifuniko vya plastiki vya kunyooshea meno vya mpishi mkuu. Jozi ya kumi na moja kati ya kumi na nane. Mpishi mkuu alisimama mlangoni mwa jiko la nyumbani kwake, taulo kichwani na mswaki mkononi, asiamini macho yake.

"Mama! Unachemsha nini?"

"Vitu vyako," mama yake akajibu bila kugeuka. "Nimevikuta vimefungwa kwenye karatasi ya chooni, pembeni ya sinki. Dakika kumi tu, vijidudu vyote kwisha."

Mama huyu alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na nne, na ingawa alishastaafu, mikono yake ilikuwa bado haijapata habari. Alichemsha mikasi, vijiko, vitambaa vya vyombo na wembe wa kukatia kucha. Siku moja alichemsha funguo za nyumba. Kwake yeye kitu ambacho hakijapita kwenye maji ya moto ni kichafu, hata kama kimetoka dukani sasa hivi. Katika wodi yake hakuna mzazi aliyewahi kuugua kwa uchafu wa vyombo, na hilo alikuwa na haki ya kulisema, ila alilisema kupita kiasi.

Mpishi mkuu akaviopoa kwa mwiko. Plastiki ile angavu, iliyofinyangwa kwa kipimo cha meno yake na si ya mtu mwingine yeyote duniani, ilikuwa imejikunja kama ganda la kitunguu. Akajaribu kukipachika kifuniko cha juu, hakikuingia. Akakisukuma kwa kidole gumba, kikamkwaruza ufizi, akakitemea sinkini.

Mori ukampanda hadi utosini.

"Vinaoshwa kwa maji ya baridi, mama! Baridi! Unavisugua kwa mswaki laini, unavisuuza, basi! Nani kakwambia uvichemshe?"

"Hujawahi kuniambia vinaoshwaje."

"Leo asubuhi nina miadi na daktari! Alishaniambia nikivuruga tena ananisimamishia matibabu! Wewe kila kitu kuchemsha, kila kitu kuchemsha! Hapa si wodini! Hapa hakuna anayezaa!"

Mama akazima jiko. Akamwaga maji, akaining'iniza sufuria mahali pake, akatoka kwenda kuketi barazani. Binti yake alikuwa na miaka thelathini na tisa na hakuwa na mtoto, na neno lile la mwisho lilikuwa limewapata wote wawili.

Lakini lazima tuseme ukweli kuhusu hasira ile, maana haikutoka hewani. Tangu akiwa darasa la tano, jino moja la mbele la mpishi mkuu lilikuwa limempanda mwenzake. Picha zake zote, za shule, za kazini, za harusi za wadogo zake, amefumba mdomo. Miezi mitano ya vifuniko ilikuwa imelishusha jino lile karibu kufika kwenye mstari. Na daktari alikuwa amemwonya kwamba meno hayana subira, ukiyaachia katikati ya safari yanageuza na kurudi yalikotoka. Jambo hilo ndilo lililomnyima usingizi, si plastiki.

Kwa hiyo aliingia kwa daktari wa meno akiwa amejipanga. Njia nzima alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno yake. Akavitua vifuniko vilivyojikunja juu ya meza kama askari anayewasilisha ushahidi.

"Mama yangu amevichemsha," alisema. "Mimi sina kosa."

Daktari, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti hata siku moja, hakuvitazama. "Keti. Fungua mdomo."

Akapitisha kioo kidogo, kisha kijiti cha chuma, polepole, mpakani mwa jino na ufizi. Kila kilipogusa palitoka damu. Kisha akampa mgonjwa kioo kikubwa ajitazame mwenyewe. Kwenye meno ya juu, karibu na fizi, kulikuwa na mabaka meupe kama chaki. Mawili yalikuwa yameanza kugeuka kahawia.

"Hii si kazi ya sufuria," daktari alisema. "Unavivaa saa ngapi kwa siku?"

"Ishirini na mbili, kama ulivyosema."

"Na ukila unavitoa?"

"Natoa."

"Dada yangu, wewe unaweza kunidanganya. Fizi zako hazijui."

Ikabidi aseme. Yeye ndiye mkuu wa jiko la chuo, na katika jiko lile hakuna chungu kinachotoka kabla hajakionja yeye. Hiyo ndiyo sheria yake, na aliitunga mwenyewe. Uji, supu, maharage, mboga, mchuzi: vyungu kumi na moja kabla ya mchana, na kila kimoja anakionja mara tatu au nne. Wiki ya kwanza alivitoa vifuniko kila mara, akapiga mswaki, akavirudisha. Wiki ya pili akachoka. Akawa anaonja navyo, anakunywa na chai ya sukari navyo, akiona maadamu hatafuni basi si kula. Kosa hilo asingelifanya mtu mwingine ila mpishi, kwa kuwa mpishi hahesabu kuonja kuwa ni kula.

"Kwa hiyo mchuzi na sukari vinaingia, vinafungiwa humo ndani kutwa nzima," daktari alisema. "Mate hayafiki kusafisha. Umeyaloweka meno yako kama maharage. Nasimamisha matibabu."

"Daktari, tafadhali."

"Wiki sita. Utavaa jozi ya kumi, ile ya zamani, ili meno yasirudi nyuma. Ukila au kuonja, hata kijiko kimoja, unavitoa, unavitia kwenye kikasha chake na si kwenye karatasi, unapiga mswaki ndipo unavirudisha. Ukija hapa fizi zikatoka damu tena, tutaachana." Akavua glavu. "Kwani nyumbani, kazini, hakuna aliyekwambia? Mdomo uliofika hapa unatoa harufu."

Aibu ilimvaa mzima mzima. Huyu ndiye aliyewarudisha watu nyumbani kwa kucha chafu! Ndiye aliyemnusa mtu kwapa hadharani, mbele ya foleni ya wanafunzi! Na kwa vile aibu kwake haikujua kukaa peke yake, kabla hajafika kazini ilikuwa imeshageuka hasira mpya, mbichi, ya kuwagawia wengine.

Akamkuta msaidizi wake, mzee wa makamo waliyefanya naye kazi miaka tisa, akikoroga supu.

"Mdomo wangu unanuka?"

Msaidizi akaitazama supu kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Bosi, mimi nina familia."

"Nimekuuliza swali!"

"Tangu mwezi wa pili hivi wa hivyo vifuniko," alisema, akirudi nyuma ya chungu.

"Miezi yote hiyo hukuniambia?"

"Bosi, yule aliyekwambia wali umeungua, yuko wapi sasa?"

Yule aliyesema wali umeungua alikuwa nyuma ya jengo, akisafisha mapipa ya taka kwa mwezi wa tatu sasa. Mpishi mkuu akavua aproni na kuitupa juu ya meza. Akaondoka kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo.

Nyumbani mama yake alikuwa barazani akikunja nguo.

"Ulijua kwamba mdomo wangu unanuka?"

"Nimekuzaa, nisijue?" Mama aliendelea kukunja. "Ndiyo maana nikavichemsha. Nilisema harufu iishe kimyakimya, wewe usijue."

"Si ungeniambia tu!"

"Nikuambie saa ngapi? Ukiingia unafoka, ukitoka unafoka." Mama akaiweka nguo chini. "Nimezalisha wanawake wakiniuma mikono, wakinitukana matusi ya kila namna. Sikumwogopa hata mmoja. Wewe nakuogopa."

Maneno ya mpishi mkuu yalikuwapo, tele, makali, kama kawaida yake, na yote yalikuwa na pa kuanzia: mama ndiye aliyeharibu vifuniko, mama ndiye aliyenyamaza, mama, mama, mama. Akayameza. Yalishuka kwa shida na yalimuuma. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya mama yake, akafungua mdomo wazi, meno yote nje, pamoja na lile lililokuwa halijafika.

"Ninuse," alisema. "Halafu useme kweli."

Mama akainama, akasogeza pua, akavuta pumzi kama alivyokuwa akikagua vidonda wodini.

"Unanuka, mwanangu. Sana."

Alipokwisha kusema hivyo akainuka upesi, akarudi nyuma hatua mbili, akashika fremu ya mlango, akasimama pale akingoja kufokewa.