Ngeli ya Mama Siwema

Usiku wa jana niliota kwamba kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu kinaongozwa na cherehani. Hakuna aliyeshangaa. Cherehani ilikaa mbele ya ukumbi, ikakohoa uzi kidogo, ikasema:

"Ajenda ni moja. Kuanzia leo Mama Siwema anahamishwa. Anatoka ngeli ya A-WA, anaingia KI-VI."

Makofi yakapigwa.

"Anahamia wapi?" nilimnong'oneza Da Tunu, jirani yetu, aliyekaa kando yangu.

"Haendi popote, mdogo wangu. Ni silabi tu."

Mama Siwema ndiye anayenisuka nywele. Nikanyoosha mkono. "Samahani, mwenyekiti. Hata mende tunasema amekufa. Hatusemi kimekufa."

"Mende hajakikosea kikundi," ikajibu cherehani.

"Na Mama Siwema amefanya nini?"

"Swali zuri. Tuendelee."

Mara ukumbi ni uani kwetu. Kinamama wamepanga foleni. Kila mmoja anasema sentensi yake juu ya Mama Siwema, na cherehani inamshonea sare ya kitenge papo hapo. Hakuna mwenye hasira. Wanaulizana habari za watoto.

"Kimepika," anasema wa kwanza.

"Kimefua," anasema wa pili.

Mama Siwema amesimama ukutani na kitana mkononi. Kwa kila sentensi anapungua: kivuli kwanza, kisha miguu, kisha kiuno.

Nimebaki mimi peke yangu na gauni la kulalia.

"Sema basi," Da Tunu ananisukuma kwa kiwiko. Sare imempendeza. "Unaringa nini?"

"Nampenda, Da Tunu."

"Kwani nani hampendi? Mimi ndiye niliyempokea siku anahamia mtaani. Lakini wewe ukifa, atakuzika nani? Yeye peke yake?"

Wanacheka wote, kicheko cha kawaida, cha jikoni.

Mama Siwema amebaki uso na mkono. Ananitazama.

"Sema tu, mwanangu," anasema. "Utapigwa na baridi."

Nafungua mdomo nikatae. "Ki..." Silabi nyingine zinafuata zenyewe.

Sare ilinikaa vizuri mno.

Nikaamka. Kumekucha. Nje mama alikuwa anafagia.

"Umeamka? Kunywa chai, halafu kachungulie hapo kwa jirani. Mpaka saa hizi hakijafungua mlango."

"Nani, mama?"

"Mama Siwema," akasema kwa upole. "Kipi kingine?"

Akaendelea kufagia.